Wa Kulia Amwandike wa Kushoto

Coleta alijua jina litakalosomwa, na bado liliposomwa aliinama mbele kama asiyelijua. Bwana Suleimani, meneja wa chama cha kuweka na kukopa, alishusha miwani puani, akafungua jalada la marehemu, akasoma kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani. Mwanachama, Isdori. Mrithi wa akiba na hisa zake, Polikarp. Uhusiano, rafiki.

"Huyu Polikarp yuko hai?" Suleimani aliuliza.

"Yuko hai, bwana. Yuko Kabwe, huko ziwani, anafanya biashara ya samaki."

"Basi aje mwenyewe asaini. Mimi wewe siwezi kukupa hata ya chumvi, mama. Nitafungwa."

Alisema hivyo bila ubaya. Hata kiti alikuwa amemfutia vumbi kwa kiganja chake kabla hajakaa. Coleta akaitika ndiyo bwana, asante bwana, akajifunga khanga yake vizuri juu ya sweta la marehemu, akatoka nje kwenye upepo wa Sumbawanga unaokata masikio mwezi ule wa kumi.

Sasa wewe utasema Isdori alikuwa mpumbavu, anaacha mke ndani anamwandika rafiki. Ngoja kwanza. Chama kile kilianzishwa na wafanyakazi wa ghala la mahindi, wale waliopunguzwa kazini ushirika ulipolemewa na madeni na mahindi ya Ufipa yakaachiwa wachuuzi wenye malori. Walipewa kiinua mgongo, wakaogopa kukimalizia kwenye pombe ya ulezi, wakakiweka pamoja. Siku ya kujaza fomu, kila mmoja alipofika kwenye nafasi ya mrithi alisimamisha kalamu. Miezi michache nyuma mwenzao Kalisti, mpima mizani, alikuwa amefariki, na kwenye karatasi zake za kazini alikuwa ameandikwa mkewe. Ndugu zake Kalisti walipoliona jina lile hawakuhitaji hata kupiga ramli. Walisema huyu mwanamke ndiye aliyemmaliza, alijua anachokisubiri. Alitolewa nyumbani kwake mchana kweupe, godoro kichwani, na majirani waliokula naye sahani moja wakajifanya wanatazama kuku.

Wake za wafanyakazi waliliona jambo lile, wakarudi kila mmoja kwa mume wake na ombi moja. Coleta naye aliomba, tena huku amepiga magoti anachochea moto. Baba Herieth, mimi usiniandike.

Ndipo wanaume wakapata akili yao. Ghalani walizoea kushona magunia wawili wawili kwenye benchi, mmoja anakaza mdomo wa gunia na mwingine anapitisha sindano. Wakaamua waandikane vilevile. Wa kulia amwandike wa kushoto, wa kushoto amwandike wa kulia, na atakayebaki ampelekee fedha mama watoto wa mwenzake. Hakuna aliyeapa wala kushika Biblia. Na mambo yakaenda. Wajane wawili walikwisha kuletewa haki yao mpaka mlangoni, imefungwa kwenye leso, na ndugu wa mume hawakunusa kitu. Kwa hiyo Coleta hakuwa na shaka hata chembe na Polikarp, mwenzake Isdori wa benchi. Shaka yake ilikuwa maksai.

* * *

Maksai walikuwa wawili, Askari na Kiraka, na walikuwa wamefungwa kwenye mti wa mkaratusi nyuma ya nyumba yake, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Isdori aliwachukua kwa Masalu, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, kwa makubaliano ya kulipa nusu na kumalizia baada ya mavuno. Mavuno yalikuja, wachuuzi wakapanga bei waliyoitaka, nusu ikabaki. Kisha Isdori akashikwa na homa ya kichwa, na wiki haikuisha.

Plau ilikuwa yao, ilikwisha kulipwa. Kwa plau na maksai wale Coleta na bintiye Herieth wangelima shamba lao na la watu wawili watatu kwa malipo, nao wangekula mwaka mzima. Bila maksai wangerudi kwenye jembe la mkono na kupindua nyasi kufanya ntumba, yale matuta ya mviringo ya mabibi zao, na Coleta kwa mgongo alio nao alijua ataishia robo ya shamba.

Masalu alikuja kumpa pole mara ya tatu, na safari hii hakukaa. Alisimama akichezea fimbo yake.

"Mama Herieth, mimi sipendi kusema jambo hili mbele ya kaburi bichi," alisema. "Nahamia Kaoze na mifugo yote. Mvua ikishika, ile barabara ya kuteremka bondeni haipitiki. Nitafutie iliyobaki, au niteremke nao."

"Ile nusu tuliyolipa, Masalu?"

"Tulisema na mzee, asipomaliza itahesabika ni kodi ya msimu. Yeye mwenyewe alisema. Mimi sikumlazimisha."

Ilikuwa kweli. Coleta alikuwepo, ndiye aliyewapikia ugali siku ile. Akamwomba asubiri mpaka Polikarp aje, hela ipo, iko chamani, kinachosubiriwa ni sahihi tu. Masalu akatazama mawingu upande wa ziwa, akasema atasubiri mpaka mvua ya kwanza ya kulowesha ardhi. Coleta akamshukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na baadaye akajionea aibu kwa kushukuru vile.

Jioni ileile alituma ujumbe kwa dereva wa lori la dagaa. Hakuandika chochote, alimwambia kwa mdomo. Mwambie Polikarp mwenzake amefariki. Mwambie shemeji yake anamwita.

* * *

Polikarp alifika siku ambayo mbingu ilianza kunguruma. Coleta alitoka kisimani akamkuta ameketi kwenye gogo uani, amekonda, shati la kijani limepauka mabegani, na miguuni pake fungu la samaki wakavu, migebuka, waliofungwa kwa kamba ya mgomba. Alipomwona alisimama, wakashikana mikono, wakalia kidogo kama inavyopasa. Herieth akamwamkia shikamoo baba Polikarp, naye akaitikia marahaba bila kumtazama.

Coleta alingoja. Alimwekea maji ya kunawa, akamkaribisha uji wa ulezi, akamsimulia homa ilivyoanza, na hospitali walivyoambiwa wakanunue dripu dukani. Polikarp alikuwa anaitikia tu, ndiyo shemeji, ndiyo shemeji, na uji haunywi. Na Coleta, ambaye aliishi na mwanaume miaka ishirini na anajua mwanaume asiyekunywa uji ana nini, akaona asingoje zaidi.

"Umekwisha kupita ofisini?" alimwuliza.

"Nimepita."

"Wamefungua?"

Polikarp akaweka bakuli chini. "Shemeji, mimi nilisema siwezi kuingia kwenye nyumba ya msiba ya Isdori mikono mitupu. Nikasema nianzie ofisini, nisaini, nije nikuwekee haki yako mkononi ndipo nilie. Nikasaini. Suleimani akaniambia ngoja. Akaleta jalada langu."

Radi ikapiga mbali, upande wa Msanzi.

"Nina deni, shemeji. Ule mkopo wa dagaa."

Coleta aliujua mkopo ule kuliko hata alivyotaka. Miaka mitatu nyuma Polikarp alikuja hapahapa, akakaa kwenye gogo hilihili, kumwomba Isdori amdhamini. Isdori alitaka kukubali. Coleta ndiye aliyemvutia ndani akamwambia usithubutu, urafiki ni wako na Polikarp lakini hela ni ya watoto. Isdori akatoka nje uso umemshuka, akakataa kwa maneno mengi ya kuzunguka, na Polikarp akaelewa, akatafuta wadhamini wengine. Dagaa walionunuliwa kwa mkopo ule waliozea barabarani juu ya Namanyere, lori limekwama topeni na turubai limechanika. Tangu hapo alikuwa akilipa kwa kudonoadonoa, halafu hata kudonoa akaacha.

"Wamekata kiasi gani?" Coleta aliuliza.

"Wamekata yote."

Herieth, aliyekuwa anapara samaki, akaacha kisu. Coleta hakupiga kelele. Aliuliza tena, yote, kama mtu ambaye hakusikia vizuri, na Polikarp akasema yote, na bado kuna salio dogo la riba ambalo wamemsamehe.

* * *

Kesho yake walikwenda wote wawili. Suleimani aliwaona tangu mlangoni, akaagiza chai. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbele kwenye nyumba ya duka, na kwenye benchi la wanaosubiri alikuwa ameketi mzee Meshack, aliyekuwa mlinzi wa ghala zamani hizo. Kofia yake ilikuwa magotini.

Polikarp alijitahidi, lazima tuseme ukweli. Alisema kwa sauti ambayo hata wa dukani waliisikia kwamba fedha zile hazikuwa zake, kila mwanachama wa zamani anajua utaratibu wao wa benchi, yeye alikuwa mfereji tu wa kupitishia. Alisema anaifuta sahihi yake. Alisema kama ni kufungwa afungwe.

Suleimani alimwacha amalize. Kisha akamgeukia Coleta na kueleza, taratibu, akitumia vidole vyake. Chama hakijui habari za benchi. Chama kinajua karatasi. Karatasi inasema mtu fulani akifa akiba yake ni ya Polikarp, na Polikarp akishasaini imekuwa ya Polikarp, na fedha yoyote ya mwanachama mwenye deni lililopitiliza inaanza kulipa deni. Kanuni hiyo waliipitisha wenyewe kwenye mkutano mkuu, na marehemu Isdori alikuwepo, alinyosha mkono.

"Na kama angekuja kwangu kwanza?" Coleta aliuliza. "Asisaini?"

Suleimani akakoroga chai yake muda mrefu. "Kama asingesaini, tungeweza kusubiri. Mngefungua mirathi mahakamani, mkaleta muhtasari wa kikao cha ukoo."

"Ukoo wa mume wangu ungeitaka hela iwe yao."

"Hilo najua, mama."

"Sasa niende wapi?"

Akamtajia. Kuna afisa ushirika wa wilaya, anaweza kupokea malalamiko, naye atayapeleka mkoani, na mkoa utaandika kwa mrajisi wa vyama vya ushirika. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuzidi. Akamwandikia na jina la afisa kwenye kikaratasi, akasema leo hayupo, yuko semina. Coleta alikipokea kile kikaratasi kwa mikono miwili, akakikunja, akakifunga kwenye pindo la khanga. Aliona wazi kuwa huyu mtu anamwonea huruma, na kwamba huruma ile haina pa kushika.

Walipokuwa wanatoka, mzee Meshack alisimama. Yeye alikuwa mmoja wa waliomdhamini Polikarp. Akiba yake ilizuiwa tangu dagaa walipooza, na mabati aliyokusudia kuezekea nyumba yalibaki ndoto, yeye na mkewe wanaweka sufuria chini ya matone. Asubuhi ile alikuwa ameambiwa yuko huru.

"Mungu amenikumbuka, mwanangu," alianza kumwambia Polikarp kwa furaha. Ndipo akamwona Coleta nyuma yake, na nguo nyeusi. Akaivaa kofia, akaivua tena, akasema, "Pole, mama. Pole sana. Mimi sikujua ni ya nani."

"Asante, baba," Coleta alijibu. "Ezekeni, mvua imefika."

Alitaka kumchukia, akashindwa. Njia nzima kurudi alikuwa akitafuta wa kumchukia. Alijaribu Suleimani, akajaribu Masalu, akajaribu Polikarp aliyekuwa anatembea hatua kumi nyuma yake kama mtoto aliyevunja chungu. Mwisho alifika kwa mwanamke mmoja aliyepiga magoti jikoni, anasema usiniandike. Na huyo naye, ukimkumbuka mke wa Kalisti na godoro lake, ungemlaumu kwa lipi?

* * *

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, ya kulowesha ardhi hasa. Kulipopambazuka Masalu alikuwa uani na kijana wake na kamba. Alikwisha kusikia, habari za chamani zilikuwa zimeenea. Hakuuliza.

Polikarp aliyelala kibandani alitoka nje akamsogelea, akamwambia ampe muda, atakwenda Kabwe, atavua, atachuuza, ataleta mwenyewe. Masalu akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akamwuliza kwa upole ana kitu gani mfukoni sasa hivi. Polikarp hakuwa na kitu. Masalu akasema basi, bwana mkubwa, tusichoshane.

Herieth ndiye aliyewafungua, maana Kiraka alikuwa haguswi na mgeni. Alimkwaruza shingoni pale nira inapokaa, ngozi imeota sugu, akampa kamba kijana wa Masalu. Maksai wakaondoka bila matata. Wakipita kando ya shamba, Askari alisimama mwenyewe mwanzoni mwa mfereji wa mwaka jana, kama alivyozoeshwa, akisubiri plau ifungwe. Kijana akamchapa kidogo, akaendelea na safari.

Coleta alijiuma midomo. Alikuwa amejiambia hatalia mbele ya Masalu, na kweli hakulia mbele yake. Alilia walipopotea kwenye kona, amekalia plau yake mwenyewe, na Herieth akasimama karibu asijue aweke mikono wapi.

* * *

Polikarp alikaa siku mbili zaidi. Alipasua kuni mpaka zikajaa ukuta mzima, akaziba tundu la paa, akachimba choo ambacho Isdori aliacha nusu. Coleta alijua kwa nini haondoki. Lori lililomleta lilikuwa limekwisha kurudi, na mwanaume aliyekula urithi wa mjane angeanzaje kumwomba mjane huyohuyo nauli?

Kwa hiyo alimwondolea kazi ya kuomba. Kwenye leso ya rambirambi zilikuwa zimebaki noti chache alizopanga kununulia mbegu. Akamsindikiza mpaka stendi, akazitoa, akamtia mkononi. Polikarp akazipokea, akainamisha kichwa.

"Shemeji, nisikulipe kwa maneno," alisema. "Lakini kuna kitu nimefanya. Deni lilipoisha Suleimani alisema nimekuwa mwanachama hai tena, nijaze fomu mpya, maana mtu niliyemwandika ndiye huyu mliyemzika. Nimekuandika wewe."

Coleta alitazama kushoto na kulia kabla ya kujibu. Mama muuza vitumbua alikuwa karibu.

"Mle ndani una nini?"

"Kwa sasa hakuna kitu. Ila nitakuwa naweka. Kidogo kidogo, kila nikiuza. Nikifa leo au kesho, iliyoko ni yako."

"Na Cornelia?" Huyo ndiye mke wa Polikarp, na Coleta alimjua; walilea watoto pamoja enzi za ghala. "Cornelia anajua?"

"Hajui. Yeye mwenyewe alisema nisimwandike. Nyote si mlisema hivyo?"

Utingo alikuwa anapiga ubavu wa gari, Namanyere, Namanyere, Kabwe. Coleta akamwona moyoni Cornelia kwenye kile kiti cha ofisini, vumbi limefutwa kwa kiganja, miwani ya Suleimani inashuka puani, na jina linalosomwa ni lake yeye Coleta. Na baada ya hapo ndugu za Polikarp wanapanda lori kuja Sumbawanga kumtafuta huyo mjane aliyemaliza mume wake akahamia kwa waume wa watu.

"Kanifute," alisema.

"Ofisi imefungwa leo, shemeji. Na gari ndilo hili."

"Basi ukija mwezi ujao. Au tuma mtu. Nakuomba."

Polikarp akasema sawa, akija atafuta, na Coleta akajua kuwa hatakuja mwezi ujao, nauli ataitoa wapi. Alipanda. Alikaa kwa utingo juu ya magunia, akapunga mkono mpaka kona ya kituo cha mafuta. Alikohoa alipopunga, na Coleta akakisikia kikohozi chake kuliko alivyosikia injini.

Aliporudi nyumbani alimkuta Herieth tayari yuko shambani, anageuza nyasi kwa jembe la mkono. Alikuwa amemaliza matuta manne, na shamba lilikuwa palepale. Coleta akajifunga khanga kiunoni, akachukua jembe la pili, akaanza upande wake. Wakalima mpaka jua likawaelemea.

"Baba Polikarp amesafiri salama?" Herieth aliuliza mwishowe, kwa sauti kavu, maana bado alikuwa na hasira naye.

"Amesafiri." Coleta alinyosha mgongo, akauegemea mpini. "Tukisali leo tumtaje na yeye. Tumwombee uzima. Aishi, mwanangu. Aishi mpaka azeeke."

Herieth, ambaye hakujua lolote la fomu mpya, alidhani mama yake amekwisha kumsamehe, naye akaona aibu kwa hasira zake. Akasema sawa mama, akatema mate viganjani, akainama tena kwenye tuta.